KIPOZA OILI KISAFISHWE SAWASAWA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kitale, kisha ikarudiwa kwa ndugu zetu wa Bungoma. Maswali ya Bungoma yametiwa mwishoni.)



Nimeombwa kusema juu ya kitu kidogo. Najua wako waliosoma tangazo mlangoni wakacheka: mishahara haijapanda, unga hauteremki bei, na huyu anakuja kutueleza namna ya kuosha chuma! Basi nawaambia, chuma hicho kimekwisha kula mishahara ya watu walioketi humu ndani. Kwa hiyo ni jambo la chama, wala si la gereji peke yake.

Chuma chenyewe ni kile kinachopoza oili ya injini. Katika gereji zetu twakiita "oili kula". Jina limetoka kwa Kiingereza, lakini Kiswahili kimelipa maana yake ya haki, kwa sababu kisiposafishwa kweli kinakula: kinakula beringi, kinakula krenki, halafu kinakula jasho la fundi. Mimi nitasema kipoza oili, tusije tukachanganya na chakula.

Yafaa kwanza tujue kazi yake. Oili katika injini haifanyi kazi ya kulainisha tu. Pia inachukua joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki, yaani chini ya pistoni na kwenye beringi za krenki. Injini nyingi oili yake hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la digrii 90 mpaka 110 hivi. Ikizidi sana inakuwa nyepesi kama maji ya chai, na ule utando mwembamba unaozuia chuma kisiguse chuma unakatika. Sasa fikirini lori lililojaa mzigo linatoka Bungoma kuja Kitale. Bungoma iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na Kitale mita 1,900 hivi. Injini imebeba mzigo wote huo ikapanda nusu kilomita kwenda juu, gia za chini, jua la saa nane, na nyuma yake matatu zinapiga honi. Hapo kipoza oili ndicho kinachoiokoa.

Viko vya namna mbili. Kimoja hukaa mbele, karibu na rejeta, na upepo hupita katika mapezi yake. Cha pili kimefungwa ubavuni mwa injini, na maji ya rejeta huzunguka vibati vyembamba ambavyo ndani yake oili inapita. Hiki cha pili ndicho kimo katika malori mengi ya dizeli tunayotengeneza hapa. Wazee wanaikumbuka Volkswagen ya kobe, ambayo haikuwa na maji hata tone. Nayo ilikuwa na kipoza chake, kimesimama ndani ya njia ya upepo wa feni. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba hiki ni kitu kigeni cha magari ya siku hizi.

Sasa tuingie katika ugonjwa wenyewe.

Beringi ikiungua, vipande vidogo vya chuma vinamwagika katika oili. Vingine vinakaa katika sampu, na hivyo kila fundi anavifuta. Vingine vinakamatwa na filta, na filta tunaitupa. Lakini filta ikijaa vipande, ina vali ndogo ambayo hufunguka, ili injini isikose oili kabisa. Ni kama mlango wa nyuma wa hoteli: mbele pamefungwa, lakini watu wanaendelea kuingia. Oili chafu inapita hapo na kwenda mahali pote, na kipoza oili ni mahali pazuri sana pa uchafu kujificha, kwa sababu ndani yake mna vibati na vijipezi vilivyopangwa karibu karibu kama kurasa za kitabu. Vipande vinanasa humo. Ukimimina petroli kikombe kimoja, ukatikisa, ukamwaga, petroli inatoka safi, wewe unafurahi. Vipande havikutoka. Vinangoja oili ya moto yenye nguvu ya pampu, na mtikisiko wa barabara. Hapo ndipo vinapotoka, kimoja kimoja, na injini yako ni mpya.

Mtu atasema, "Lakini nimetia filta mpya." Vema. Katika injini nyingine oili hupita kwanza katika filta, halafu katika kipoza, ndipo iende kwenye beringi. Huko filta mpya haisaidii neno, kwa sababu uchafu uko mbele yake. Hata pale ambapo filta iko baada ya kipoza, asubuhi ya baridi ya Kitale oili ni nzito, ile vali ya mlango wa nyuma hufunguka, na vipande vinapita.

Nitawapa mfano mmoja, wala sitataja gereji wala mwenye gari. Lilikuja lori la kubeba mahindi, beringi ya konrodi imeliwa. Fundi alifanya kazi ya sifa. Krenki ilipelekwa kuchongwa, beringi mpya zikatiwa, pampu ya oili mpya, oili mpya, filta mpya. Alimwambia mwenye lori kwamba kipoza kinunuliwe. Mwenye lori akasema, "Kioshe tu, hicho ni bomba la kupitisha oili." Kikaoshwa kwa petroli. Lori likaondoka linaimba. Halikumaliza mwezi, lilirudi likivutwa kwa mnyororo, beringi imeliwa tena. Mwenye lori akasema fundi ameiba beringi nzuri akatia mbovu, akazuia mshahara wake wote.

Tulikwenda watu watatu kutoka tawini. Hatukubishana naye. Tulimwomba ruhusa, tukakifungua kile kipoza oili, tukakifunga katika jiliwa, tukakikata katikati kwa msumeno wa chuma mbele ya macho yake. Kati ya vibati mlikuwa na vipande vinang'aa kama magamba ya samaki. Alivichukua kwa kidole, akavitazama juani, hakusema neno kwa muda. Mshahara ulilipwa, nusu mwezi ule na nusu mwezi uliofuata. Lakini angalieni: kama kipoza kile kingekuwa kimetupwa, fundi yule asingekuwa na shahidi.

Basi kipoza kisafishwe namna gani?

La kwanza, kama beringi imeungua na kipoza ni cha vibati, dawa yake ni kununua kipya. Sisemi hivi kwa kuwapendeza akina mama wa spea. Watengenezaji wengi wa injini wanasema hivyo hivyo katika vitabu vyao, kwa sababu hakuna mtu awezaye kuona ndani ya vibati akaapa kwamba ni safi. Tena jihadharini na kile kilichotolewa katika injini kuukuu. Jiulize ile injini ilikufa kwa nini. Kama ilikufa kwa beringi, umenunua ugonjwa ule ule kwa bei nafuu.

Lakini si kila mara beringi imeungua. Mara nyingi ni oili iliyokaa mno bila kubadilishwa, ikawa matope meusi, au ni maji yameingia. Hapo kusafisha kunafaa, bali kusafisha kweli. Kitoe kipoza katika injini. Tia alama mahali oili inapoingilia na inapotokea. Kijaze mafuta ya taa au dawa maalum ya kuoshea vyuma, kiache usiku kucha ili matope yalainike. Asubuhi mwaga, kisha sukuma mafuta safi kwa pampu ndogo kinyume cha njia ya oili: yaingie pale oili inapotokea, yatoke pale inapoingilia. Kilichoingia kwa mlango huu na kunasa, hutoka upesi zaidi kwa mlango ule ule. Kigeuze, kigongegonge polepole kwa nyundo ya mti, sukuma tena. Mafuta yanayotoka yapitishe katika kitambaa cheupe. Usitazame rangi ya mafuta, tazama kitambaa. Maadamu kitambaa kina punje hata moja inayong'aa, kazi haijaisha.

Hapo kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Wanachukua sumaku, wanaipitisha katika mafuta, haikamati kitu, wanasema pasafi. Sumaku hukamata chuma cha pua na chuma cha kusubu. Beringi za krenki uso wake ni shaba, risasi, bati au aluminiamu, na sumaku haina habari na hizo. Kitambaa cheupe na jua la saa nne ndiyo mashine yetu ya kupimia.

Usichemshe kipoza cha aluminiamu katika kostiki soda. Soda ile inakula aluminiamu, na povu unaloliona linatoa hewa inayoshika moto. Nimekwisha kuona kipoza kizuri kikitolewa katika pipa la soda kimekuwa kama chapati iliyoliwa na mende.

Mapaipu yanayokwenda na kurudi yasafishwe vile vile, pamoja na kiti cha filta na vali zake. Hapo wengi huchoka wakaacha.

Kikiisha kuwa safi, kipimwe. Ziba matundu, tia upepo wa kompresa kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha injini hiyo wala usizidishe, kitie katika karai la maji ya moto, ngojea. Maji ya moto, kwa sababu ufa mdogo hufunguka chuma kikipata joto. Mapovu yakitoka hata moja moja, kipoza hicho kimekufa. Usisimame mbele ya kizibo wakati wa kupima. Kizibo kikiruka ni kama risasi ya bunduki.

Kipoza kinachovuja utakijua kabla ya kukifungua. Injini ikiwaka, nguvu ya oili ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo oili huingia katika maji, nawe utaona uji wa rangi ya kahawa ndani ya rejeta. Injini ikizimwa, oili haina nguvu tena lakini rejeta bado ina mvuke, na maji huweza kuingia katika oili; basi kijiti cha kupimia kinatoka na maziwa. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kufungua silinda hedi na kumwuzia mwenye gari gasketi. Pima kipoza kwanza. Ni boliti chache tu.

Uji ule ukiwamo katika rejeta usidhani utatoka kwa maji matupu. Tia maji ya moto na sabuni ya unga isiyo na povu jingi, washa injini mpaka paipu ya juu ya rejeta ipate moto, izime, ipoe, mwaga, rudia. Mara tatu, mara nne, mpaka maji yawe maji. Paipu za mpira zilizolainika kwa oili zitupwe, zitapasuka njiani. Na madereva, nawaomba: maji ya mto Nzoia ni ya ng'ombe na mashamba, si ya rejeta. Matope na chumvi yake hujenga ganda juu ya vibati, na joto halipiti. Tieni dawa ya rejeta inayofaa.

Ukiisha kufunga kila kitu, usiwashe injini mara moja. Kata mafuta ya dizeli, zungusha kwa stata kidogo kidogo mpaka geji ya oili inyanyuke, ndipo uwashe. Baada ya siku chache za kazi badilisha oili na filta, na ile filta iliyotoka ikate uitazame. Ikiwa safi, lala usingizi.

Sasa niseme juu ya mwili wa mfanyi kazi. Petroli si sabuni. Mvuke wake hutambaa chini mpaka kwenye jiko la mama chai, na moto unarudi njia ile ile. Tena ndani ya petroli mna benzini, ambayo waganga wamehakikisha kwamba huleta saratani ya damu. Watu walifurahi risasi ilipoondolewa katika petroli ya Kenya mwanzoni mwa 2006, wakadhani sasa ni maji ya kunawa. Siyo. Oili iliyotumika nayo haifai kukaa katika ngozi siku kutwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri kutoa nguo na vifaa vya kujikinga kwa watu wanaoshika vitu vya kudhuru, pamoja na glavu na miwani inapohitajika. Kutoa, nasema, si kuuza kwa kukata mshahara. Na oili chafu isimwagwe mtaroni. Mtaro wa Kitale unakwenda mtoni, na mto unapita kwa ndugu zetu wa Webuye na Bungoma.

Jambo la mwisho upande wangu ni makato. Tajiri wengi wakipata hasara ya injini husema, "Nitakata." Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa ukaidi wa makusudi wa mfanyi kazi. Makusudi! Fundi aliyesema kipoza kinunuliwe, akakataliwa, hakufanya makusudi. Na makato yote yakijumlishwa pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Kumnyima mtu mshahara mzima hakuna mahali pake. Lakini mahakamani na ofisi ya kazi wanauliza karatasi. Ndiyo maana chama kinataka kila kazi ya injini iwe na kadi, na katika kadi mstari mmoja usemao: kipoza oili ni kipya, au kimesafishwa na kupimwa, au mwenye gari amekataa. Kisha sahihi.

Hayo niliyasema Kitale. Bungoma waliniuliza maswali, nami nayatia hapa kwa kifupi.

Dereva mmoja wa trekta la miwa aliuliza kwa nini trekta lake linapata moto ingawa kipoza kilisafishwa ndani. Tulikwenda nje tukatazama. Mbele palikuwa na majani makavu na vumbi mpaka mapezi hayaonekani. Mashine za kuvuna mahindi za Kitale zina ugonjwa huo huo kwa makapi. Huko ni kupuliza kwa upepo mdogo kutoka nyuma kwenda mbele, kinyume cha njia ya upepo wa feni, na kuosha kwa maji yasiyo na nguvu. Bomba la kuoshea malori, likikaribishwa, hulaza mapezi yote kama nyasi, na upepo haupiti tena.

Kijana fundi aliuliza: kwa nini tusikiondoe kabisa, tukaunganisha paipu? Yeye alikwisha kuona gari likitembea hivyo. Ni kweli, litatembea. Litatembea mjini, asubuhi, likiwa tupu. Lipe abiria kumi na wanne na kilima, ndipo utajua. Injini ikishikana ghafula, gari linapoteza nguvu katikati ya barabara, na nyuma yake liko lori la Malaba. Kijana yule alikubali, ingawa aliuliza tena kama gari ni la kubeba maziwa tu. Nikamwambia maziwa nayo yana mwenyewe.

Swali la mwisho lilitoka kwa fundi mmoja mwanamke: "Na tajiri akikataa kutia sahihi katika kadi?" Swali hili ndilo zito. Nilimjibu hivi: usigombane naye. Kipige picha kipoza kwa simu, pamoja na kitambaa chenye punje, umpelekee kwa simu yake kabla hujafunga boliti ya kwanza, na uandike, "Kipoza hiki hakifai, nangoja neno lako." Akisema "funga tu," amekwisha kutia sahihi, na simu imeandika saa na tarehe. Akipiga simu badala ya kuandika, mrudishie ujumbe: "Umeniambia nifunge, nafunga." Ujumbe huo usiufute mpaka umelipwa.

Kadi za kazi zenye ule mstari zimekwisha kupigwa chapa. Ziko kwa katibu wa tawi, Kitale na Bungoma. Kila fundi achukue kumi, aandike jina lake katika daftari.